Majina Yaliyokwama Kwenye Kompyuta

Siku ya kulisha mizimu, mwezi wa saba, wanawake wa hekalu letu huamkia jikoni. Mimi kazi yangu ni keki za kobe, zile nyekundu za unga wa mchele. Mgongo umepinda, lakini mikono bado ina akili.

Ofisi ya hekalu imepakana na jiko. Humo hukaa Siok-hui, karani wetu, na kompyuta yake. Juu ya kompyuta pana pakiti ya kijani ya vitafunwa. Kwetu kila mashine huwekewa moja, ili iwe na adabu. Haifunguliwi, hailiwi.

Ndani ya kompyuta mna faili moja lenye majina mia sita na kumi na mawili ya marehemu wetu. Wanaojua huliita hifadhidata. Saa sita mchana kuhani huyasoma yote. Marehemu asiyesomwa hubaki nje ya geti na njaa yake, wenzake wakila.

Mwaka jana, saa nne asubuhi ya siku hiyo, Siok-hui alipiga kelele.

"Halifunguki!"

Kompyuta ilisema faili linatumiwa na mtu mwingine.

"Mtu gani? Niko peke yangu humu!"

"Mwezi huu si ajabu," nikamwambia kutoka mlango wa jiko. "Labda mizimu wanajisomea wenyewe."

Hakucheka. Alibofya mara kumi, mara ishirini. Kila mara maneno yaleyale. Na daftari la zamani la majina hayo lilioza mwaka wa mafuriko.

Mzee Thian-su akachungulia dirishani na bakuli la uji wa magimbi, limefunikwa, sadaka ya mkewe. Mkewe, Pik-ha, alifariki majira ya kuchipua. Huu ulikuwa mwaka wake wa kwanza kusomwa.

"Karani, mke wangu nilimwandikisha jana. Atasomwa mwanzoni au mwishoni? Nisije nikawa chooni."

"Mwishoni, mzee," Siok-hui akajibu. Hakumtazama usoni.

Bahati nzuri Ling-ju akaingia na mananasi ya sadaka. Yeye hutunza kumbukumbu za chama cha wakulima.

"Toa mkono hapo, dada! Usibofye tena, usifute kitu. Nani mwingine ana faili hili?"

"Mwenyekiti, ghorofani."

Ling-ju akapanda, akashuka. "Kompyuta yake imezimwa. Basi tazama hapa. Kando ya faili lako kuna kifaili chenye jina lilelile. Hiki ni kufuli. Ukifungua faili, kufuli huja. Ukilifunga faili vizuri, kufuli huondoka. Hili limebaki. Jana ulifunga vizuri?"

"Nilitoka kupokea maua. Kurudi, kompyuta imezimika."

"Ilizimikaje?"

Mimi nikawa nazitazama keki zangu.

"Nifute kufuli?" Siok-hui akauliza.

"Kwanza nakala. Tukiharibu nakala, lile la asili lipo."

Ling-ju akanakili faili kwenye flashi. Ndipo akafuta kufuli, akafungua nakala. Maneno mapya yakatokea: faili limeharibika. Siok-hui akakaa sakafuni.

"Inuka. Programu yenyewe ina kitufe cha kukarabati."

Akabofya. Mstari wa kijani ukaanza kutambaa kama konokono. Nje ngoma zikaanza. Saa tano na nusu. Saa tano na dakika arobaini. Mstari ukafika mwisho, majina yakamwagika kwenye kioo.

Ling-ju akahesabu. "Mia sita na kumi na moja. Limepungua moja. Jina linaloandikwa umeme ukikatika ndilo huumia."

"La mwisho jana lilikuwa la Pik-ha," Siok-hui akanong'ona.

Hapo nikaona kunyamaza ni dhambi.

"Ni mimi. Jana nilichomoa waya wa kompyuta nichomeke sufuria ya mvuke."

"Shangazi!" Siok-hui akapaza sauti.

"Soketi ni moja, na keki zilikuwa arobaini!"

"Basi nenda ukamwambie mzee wewe mwenyewe."

Nikamfuata pale dirishani.

"Mzee, nitajie tena jina la mkeo, na siku na saa ya kuzaliwa."

"Si niliandikisha jana?"

"Uliandikisha. Nikalipika pamoja na keki."

"Pik-ha alikuwa akisema keki zako zitaua mtu. Kumbe hata wafu huwaachi."

Akataja, polepole. Siok-hui akaandika, akahifadhi, akachapa. Kuhani alipopanda jukwaani, karatasi zilikuwa bado na joto. Pik-ha alisomwa wa mwisho. Mzee akaweka bakuli kwenye meza ya sadaka, akalifunua.

Sasa kompyuta ina soketi yake, na jiko lina yake. Siok-hui hafanyi safari hata ya chooni bila kufunga faili. Kila jioni hutengeneza nakala mbili, moja ofisini, nyingine nyumbani kwake. Mwaka huu radi ilikata umeme asubuhi ya sadaka; uliporudi, faili likagoma tena. Tulichukua nakala ya jana yake. Chai yangu haikuwahi hata kupoa.

Pakiti ya kijani bado ipo juu ya kompyuta, ila ni mpya. Ile ya zamani niliila siku ile, nikingoja mstari utambae. Ilikuwa imepitwa na muda tangu mwaka wa mafuriko.