Kunjapua na Taa ya Oili

Kila asubuhi Kunjapua alikuwa na kazi moja aliyoichukia kuliko kusugua choo. Ilikuwa kumwaga kopo lililokaa chini ya pikipiki kuukuu ya shangazi yake. Swichi ya oili, kifaa kidogo kilichokazwa ubavuni mwa injini, ilivuja usiku kucha, tone, tone, na kopo likajaa uji mweusi unaonata. Siku hiyo mende mmoja alikuwa amefia humo. Wa pili bado alichezesha mguu.

"Ptuu! Moyo unanichafuka!" alisema, akilishika kopo kwa vidole viwili na kugeuza uso pembeni.

"Ndiyo maana tukakuita Kunjapua," alicheka shangazi. "Haya, leo uchafu huo tunaukomesha. Nimepata swichi mpya."

Shangazi alikuwa mkunga, na pikipiki hiyo aliirithi kwa babu. Aliichomoa swichi ya zamani, oili ikamchuruzika hadi kiwikoni, wala hakujali. Kunjapua alirudi nyuma kama aliyeona jipu likipasuka.

"Sikiliza, mwanangu. Swichi hii ndiyo inayoiongoza taa nyekundu pale juu. Ukizungusha ufunguo, taa iwake. Injini ikinguruma, taa izimike. Ikiwaka nikiwa njiani, najua oili haizunguki, nisimame hapohapo. Bila taa sitajua, na injini inaweza kukwama ghafla na kunibwaga barabarani."

Simu ikalia. Kulikuwa na mama aliyeshikwa na uchungu.

"Nakwenda kuchukua mkoba," alisema shangazi. "Wewe ifunge hiyo swichi na washa yake, pete hii nyembamba ya shaba. Usiongeze kitu kingine. Kisha uijaribu taa."

Kunjapua alilitazama tundu linalotoa machozi meusi. Je, ikivuja tena? Amwage tena supu ya mende? Dirishani palikuwa na tepu nyeupe ya mabomba iliyobaki walipotengeneza bomba la jikoni. Akaizungusha mara nyingi kwenye meno ya swichi yanayoingia tunduni, akaifunga, akakaza kwa spana. Hata tone halikutoka! Akanawa mikono kwa sabuni mara mbili.

Akazungusha ufunguo. Taa haikuwaka.

Akaurudisha, akauzungusha tena. Bado. Kuirudia kazi ni kutumbukiza vidole upya kwenye kinyesi kile cha injini. Akainusa mikono yake iliyonukia sabuni.

"Taa imewaka?" aliuliza shangazi akija mbio.

"Imewaka."

Shangazi akauweka mkoba mbele yake, akavaa kofia, akapiga teke moja, injini ikanguruma. Kunjapua akaiona mikono ya shangazi kwenye usukani. Mikono hiyo ilipokea watoto katika damu na maji, na sasa ilikuwa inakwenda bila taa.

"Shangazi, zima! Nimekudanganya! Haikuwaka!"

Shangazi alizima. Hakugomba. Alimnyooshea spana. "Fungua. Upesi."

Oili ilimmwagikia Kunjapua kiganjani, ya moto kidogo, ikaingia kwenye kucha. Alitema mate, lakini aliibandua tepu yote, chafu kama bandeji ya kidonda.

"Ona sasa," alisema shangazi. "Umeme wa taa unapita kwenye meno haya hadi kwenye chuma cha injini. Wewe umeyavisha soksi isiyopitisha umeme!"

Kunjapua akaifunga swichi tupu na washa yake. Ufunguo ukazungushwa: nyekundu! Injini ikanguruma, taa ikazimika.

Shangazi alirudi alasiri. Mtoto alikuwa wa kike, mzima, na swichi ilikuwa kavu.

"Hata mimi oili inanitia kinyaa," alisema, akimpa Kunjapua sabuni. "Hilo si kosa. Kosa lilikuwa kusema imewaka. Siku nyingine kazi ikikushinda, niambie, 'Imenishinda,' nami sitakucheka. Lakini usinipandishe kwenye pikipiki na uongo wako nyuma."

Kunjapua aliitikia kwa kichwa, akasugua kucha zake. Harufu haikutoka kwa siku tatu.