Aliyezoea Kunilisha

"Tazama sasa! Si nilikwambia uniachie mimi?"

Kikombe kilikuwa vipande vipande sakafuni, chai imenilowesha mpaka magotini. Mkono wangu wa bandia ulikuwa umeganda hewani, vidole wazi. Mume wangu alipiga magoti akanifuta kwa upole, halafu akachukua kijiko.

"Fungua mdomo, mke wangu."

Nikafungua, huku machozi yananitoka.

Mashine ya kukata karatasi kiwandani ndiyo iliyoondoka na mikono yangu yote miwili. Mume wangu, dereva wa lori, aliacha safari za mbali akawa ananiogesha, ananivisha, ananilisha. Watu walimsifu mpaka sifa zikamkolea. Kisha hospitali wakanipandikizia kifaa kichwani, wakanipa mkono wa kulia: nikiwaza kushika, unashika. Haikuwa rahisi. Mkono wenyewe hauhisi kitu, kwa hiyo lazima niukodolee macho. Nikiukazania sana unagoma, nikitulia, unatii. Hospitalini nilifikia hatua ya kumenya ndizi. Nyumbani, kila nikikaa mezani, unazima.

"Labda kichwa chako kimechoka," mume wangu alikuwa akiniambia. "Warudishie tu."

Siku hiyo ya kikombe nilimwomba fundi wa hospitali aje. Akauunganisha mkono na kompyuta yake, akakunja uso.

"Dada, nani huwa anauchaji?"

"Mume wangu. Mimi nitachomekaje?"

"Mkono hauna ubovu wowote. Kila siku unachomekwa, halafu baada ya muda mfupi tu unachomolewa, betri haijajaa."

Nilimgeukia mume wangu. Alikuwa ameinamia vidole vyake vya miguu. Fundi alikusanya vitu vyake harakaharaka, akaaga.

"Sema si kweli," nilimwambia.

"Ni kweli."

"Nilikukosea nini?"

"Hukunikosea. Nilipokuwa nakulisha ulikuwa unaniangalia mimi. Tangu uje huo mkono, unauangalia wenyewe. Ukianza kujilisha, mimi nitabaki nani humu ndani?"

"Ungebaki mume wangu!"

"Nilikuwa dereva tu. Ulipoumia ndipo nikaonekana mtu."

"Ndiyo maana ukaniacha niamini kichwa changu kimeharibika? Nalia mbele yako, na wewe unanifuta machozi?"

Akanisogelea. Nikarudi nyuma.

"Uchomeke mkono. Halafu fungasha nguo zako uende kwa mama yako."

"Kesho nani atakuchomekea?"

"Sijui."

Akanivua mkono, akauchomeka. Alifungasha huku analia, na mimi nililia chumba cha pili nikimsikia, lakini sikumwita. Mlango ukafungwa taratibu, kama vile anaogopa kuniamsha.

Betri ilipojaa niliingiza kigutu changu kwenye mkono, peke yangu, kama nilivyofundishwa. Jioni ujumbe wake ukaingia kwenye simu:

"Nisamehe. Umekula?"

Nilijibu kwa kidole kimoja, herufi moja moja, nikikosea, nikifuta, nikianza upya.

"Nimekula."

Sikuwa nimekula.