Maua Yaliyowapa Kisogo

Katika msongamano wa stesheni ya Bellville, jijini Cape Town, Gershwin Beukes alimmwagia chai nesi mmoja aliyevaa sare nyeupe na viatu vyekundu.

"Kaka, macho umeyaacha nyumbani?"

"Nilikuwa nakutazama wewe, dada."

"Basi utanifulia."

Alifua, na mwaka ukapita wakiitana mpenzi. Ndipo nesi huyo, Berenice Cloete, akapata kazi hospitalini Dublin, ng'ambo. Gershwin alidhani anakimbiwa. Akazima simu juma zima. Alipoiwasha, ikalia papo hapo.

"Umeshanuna ukachoka?"

"Nimechoka."

"Basi nipeleke kwetu Namaqualand nikayaone maua ya jangwani. Keshokutwa napanda ndege."

Kesho yake waliondoka alfajiri. Gershwin alivaa shati jipya la buluu, na mfukoni alikuwa na pete. Angemchumbia pale jangwa litakapowaka rangi. Lakini jua lilipopanda, kandokando ya barabara aliona ukijani uliopauka tu.

"Ndiyo haya mnayojivunia?"

Berenice akaangua kicheko. "Mtoto wa mjini wewe! Maua yetu hutazama jua, na huku kusini jua hupitia upande wa kaskazini, mbele yetu. Yametupa kisogo. Geuza gari uyaone."

Gershwin hakugeuza. Kugeuza ni kurudi Cape Town, na Cape Town kuna uwanja wa ndege. Akaupita mji wa Garies. Akaipita Kamieskroon, alikozaliwa Berenice, bila kupunguza mwendo.

"Unanipeleka wapi, Namibia?"

"Ningeweza, ningekupeleka."

Berenice hakucheka tena. "Gershwin. Jua likishuka yanajifunga. Hatutayaona kabisa."

Gershwin alisimamisha gari. Alikaa ameshika usukani, kisha akageuza.

Nchi nzima ikawatazama. Kutoka ukingo wa lami hadi vilimani, maua ya rangi ya chungwa na meupe yalikuwa wazi kama nyuso za watu, na harufu ya asali ikaingia madirishani. Gershwin akapunguza mwendo.

"Itoe," Berenice akasema.

"Nini?"

"Tangu asubuhi unapapasa mfuko kama una upele."

"Nikikuvisha, utabaki?"

"Sibaki, mpenzi." Hata hivyo akanyoosha kidole.

Gershwin akamvisha kwa mkono mmoja, mwingine usukanini, huku magari ya nyuma yakimpigia honi kwa jinsi alivyokwenda polepole.