Msafiri Hajafika

Haya nimeyapata kwa Demetria, niliyesoma naye Mlimani, mtu wa digrii na dharau kwa miiko yote. Mwaka sabini na mbili mumewe Adelard aliruka kwenda kusoma Moscow, mbali kiasi kwamba ndege ingetua kesho yake. Jioni Demetria alirudi Chang'ombe kutoka kumsindikiza, akashika ufagio.

"Usifagie, mwanangu," mama mkwe akamsihi. "Msafiri hajafika."

"Mama, ndege haiendeshwi kwa ufagio."

Akafagia. Umeme ukakatika. Gizani uani wakasikia mtu akikohoa vilevile anavyokohoa Adelard, kisha nyayo zilizolowa, chapa, chapa, zikasimama mlangoni.

"Usifungue," mama akanong'ona. "Mwanangu yuko angani."

"Demetria," sauti ikaita, meno yakigongana, "nipe nguo kavu. Maji ya huku baridi sana."