Nilifungua Sanduku ya Kula, Kumbe ni ya Kura!

Mimi ni mama wa miaka sitini na nane, mjane, naishi Kitale. Shule sikuingia hata siku moja. Haya maneno ananiandikia jirani yangu, mwalimu aliyestaafu, na nimemwambia akijaribu kuninyooshea Kiswahili nitamfungia nje ya nyumba yake mwenyewe. Anajua naweza!

Najua wengine wenu mtanihukumu. Hukumuni! Nimehukumiwa na watu wenye sauti kubwa kuliko nyinyi...

Ilianza na ufunguo. Ufunguo ya stoo yangu ya mahindi iliponyoka ikaanguka kwa choo. Nikaita fundi wa kufuli wa pale sokoni, mtu wa ndevu anayeongea kwa pua. "Shosho, tulia, hii ni kitu ya dakika!" Akatoa vyuma mbili nyembamba, moja ya waipa ya gari, ingine spoku ya baiskeli. Akachokora, akasikiliza kama daktari anayesikiliza kifua... tik! Ikafunguka.

Mimi nilisahau hata mahindi. Nilitaka hiyo tik.

Kila siku ya soko nikawa naenda kukaa kwa kibanda yake. Alinicheka sana. "Shosho, si uende ufume vitambaa kama wenzako!" Vitambaa nimefuma miaka arobaini bana, viti yangu imevaa vizuri kuliko mimi! Tangu mzee wangu afariki, mikono yangu ilikuwa inakaa tu kwa magoti kama wageni. Nani alisema mwanamke mzee lazima afume?

Kufuli za kawaida zilinipa heshima haraka. Lakini kuna zingine za kiburi. Pini yake ya ndani imechongwa kiuno kama nyigu. Unasukuma, kufuli inazunguka kidogo, unafikiri umeshinda... uongo! Imekunasa hapo. Lazima ulegeze mkono, upoteze kidogo ya kile umepata, ndio uendelee. Miezi mitano sikufungua hata moja! Niliunguza ugali mara ngapi nikichokora hiyo kitu mezani?

Hapo ndipo Nekesa alinipata.

Nekesa ni rafiki yangu wa kuzaliwa. Tulikua pamoja huko Matulo, Bungoma, tukachota maji mto mmoja, tukachapwa fimbo moja. Aliolewa Misikhu, si mbali na kwa dada yangu mdogo, Selina. Sauti yake ni asali tupu. "Mama weee, mwingine sina, ni wewe tu!" Ukisikia hivyo, shika mkoba yako.

Selina alikuwa mwenyekiti wa chama cha wamama wa kanisa, ile inasaidia watu wakifiwa. Nekesa alitaka hicho kiti. Wakapiga kura Jumamosi moja, na mimi nilifika kutembelea dada yangu wakati wamemaliza. Selina aliniambia watahesabu kesho baada ya ibada, kwa sababu mchungaji ameitwa matanga Bungoma. Karatasi zimewekwa wapi? Sikuuliza. Ningeuliza ya nini? Mimi nilikuwa nataka kuku.

Saa kumi hivi Nekesa akaja mbio. Ati kuna wageni wa matanga wanangoja chai, na ufunguo ya sanduku ya kula imepotea, nije nimfungulie na zile vyuma nimejisifia kwake kila siku.

Alisema kula? Alisema kura? Wasomaji wangu, sisi watu wa Bungoma ulimi yetu haijui tofauti. Sisi tunapiga kula na tunakula kura! Na mimi nilijua chama iko na sanduku ya sukari, majani na mchele. Nikasikia chakula.

Akanipeleka stoo ya kanisa. Masanduku mawili ya bati, yanafanana kama mapacha. Akanionyesha moja. Kufuli yake ilikuwa mpya, nono, inang'aa... Nekesa akashika kiuno.

"Lakini hii hutaweza. Mwenye duka Bungoma amesema hata fundi wa Nairobi alishindwa. Iko na zile pini za ujanja."

Ati mimi? Hutaweza?

Nikatoa vyuma zangu kwa leso. Kufuli ikanidanganya mara ya kwanza. Ikanidanganya mara ya pili. Nikalegeza kidole polepole, kama mtu anayeachia mtoto aliyelala... tik! Ya kwanza ya maisha yangu! Nilicheza, wenzangu! Nilicheza na haya magoti!

Niliangalia ndani ya sanduku? Wapi! Nilijiuliza sukari inafungiwa na kufuli ya benki kwa nini? Sikujiuliza! Nekesa alinikumbatia. "Enda nyumbani mama, mimi nitapima sukari nifunge." Nikatoka nikicheza mpaka nje ya mlango, halafu nikaenda zangu nikiimba.

Jumapili mchungaji akaweka sanduku mbele. "Wa-pe-ndwa..." Yeye huvuta hilo neno kama ng'ombe ya kuazima, haitaki kuenda. Akafungua, akahesabu. Wamama ni arobaini na moja. Karatasi zilikuwa sitini na tatu! Zile za kuzidi zilikuwa zimekunjwa pamoja, zote alama kwa Nekesa!

Kelele! Mchungaji akauliza ni nani amegusa sanduku. Nikaangalia ile kufuli... Mungu wangu. Ni ile ile nono ya jana!

Ningenyamaza. Nani angejua? Lakini nilisimama. Nikasema ni mimi nilifungua, Nekesa aliniomba sanduku ya kula.

Nekesa akaweka mikono kwa kichwa, akalia machozi ya kweli. "Mmesikia? Si nilimwambia KULA! Yeye ameenda kufungua ya KURA! Ameniongezea karatasi ndio nionekane mwizi, dada yake abaki kwa kiti!"

Na wakamwamini! Hata mimi kidogo niamini hivyo!

Selina alitoa kitambaa ya chama kwa kichwa, akaikunja vizuri, akaweka mezani, akatoka. Nyumbani akaniambia moja tu: "Dada, umefungua jina yangu, na kila mtu anamwaga takataka ndani."

Kurudi Kitale, habari ilikuwa imenitangulia. Kwa posho mill nikienda kusaga, mama akiniona anaficha mkoba kwapani. Fundi akaniomba nisikae kwa kibanda, wateja wanaogopa. Mwanangu akapiga simu: "Mama, tupa hizo vyuma." Nikamwambia atupe simu kwanza.

Wiki tatu baadaye nikasikia wanakutana kumfukuza Selina kwa chama kabisa. Sikualikwa. Nilienda! Mchungaji akasema, "Wa-pe-ndwa, mama ameleta toba." Nikasema ndiyo, naomba msamaha nilifungua bila kuuliza ni ya nani. Hiyo ni yangu, naibeba. Lakini niko na swali moja kwa Nekesa.

"Wewe uliniomba sanduku ya kula. Ukabaki ndani kupima sukari, ukainua mfuniko ukakuta karatasi. Mbona hukuniita? Si nilikuwa hapo mlangoni nacheza! Na hao wageni wa matanga walikunywa nini? Uliwakorogea karatasi kwa chai?"

Bibi mmoja huko nyuma akacheka, kanisa yote ikapasuka. Mtu akauliza, ni matanga ya nani hiyo? Hapo Misikhu hakuna mtu alikuwa amekufa, ile ya mchungaji ilikuwa huko Bungoma mjini! Nekesa akachukua mkoba akaenda. Mpaka leo akiniona kwa soko ya Misikhu anajifanya ananunua samaki ya omena.

Wakamrudishia Selina kiti. Akakataa. Ati watu walioamini yeye ni mwizi wiki tatu, hawezi kuwaongoza. Nilifikiri mimi atanisamehe. Akaniambia, "Nekesa hakutumia pesa wala dawa. Alikuambia tu hutaweza, ukaniuza."

Na ni kweli. Hiyo ndiyo inaniuma, kwamba ni kweli! Nilitaka sifa. Zamani tukionana alikuwa ananirukia, "Dada!" Siku hizi anasema, "Karibu, mgeni."

Lakini kuacha siachi! Fundi alinirudisha kibandani, na zile za pini za ujanja nimefungua tisa sasa. Vyuma havikukosa, ni mimi nilikosa. Wenzangu, nawaomba: mtu akikuambia hutaweza, usikimbilie kuonyesha. Muulize kwanza, mwenye kufuli ako wapi? Aje asimame hapa. Asipokuja, rudisha vyuma kwa leso, hata kama mkono inawasha.

Na wewe Selina, najua unasoma hii. Krismasi nakuja. Funga mlango na kufuli yoyote unataka, hata ile nono ya Bungoma. Sitaigusa. Nitaketi hapo nje nibishe, mpaka ufungue wewe mwenyewe.