Tarehe Thelathini ya Mwezi wa Pili

Faili liliibwa Jumatatu asubuhi, siku ile ile wakaguzi walipokuwa wanatarajiwa. Kabati la ofisi ya kata lilikuwa limefungwa, kufuli zima, na mafaili ya posho za majeruhi wa vita yamepangwa wima. La Hồ Sĩ Quýnh tu ndilo halikuwapo.

Inspekta Đậu Thị Nhàn alichuchumaa mlangoni. Manyunyu ya wiki nzima yalikuwa yameingiza tope hadi ndani, na kwenye tope palikuwa na alama ya kiatu kimoja. Kando yake kulikuwa na alama ya duara, ndogo kama kikombe cha chai.

"Fimbo," alisema Nhàn.

"Au mguu wa mti," alisema karani, Bi Thơm. "Lakini usifurahi mapema, afande. Kata hii fimbo ni nyingi kuliko miguu."

"Nani ana ufunguo?"

"Mimi, mwenyekiti wa kata, na Mzee Lạng wa chama cha askari wa zamani. Lakini yule mguu wake ulibaki vitani! Mtu na heshima zake. Utamshuku yeye?"

"Namshuku kila mtu mpaka ninywe chai yake. Na huyu Quýnh mwenye faili?"

Bi Thơm akashusha sauti. "Watu wanasema hakupigwa hata risasi moja. Eti kiuno kilivunjwa na jiwe machimboni, vita imekwisha zamani. Sasa midomo ya watu utaifunga kwa kamba gani?"

Mwizi hakujua jambo moja: mkoani kulikuwa na nakala. Adhuhuri Nhàn alikuwa nayo mkononi. Akasoma mstari wa nne, akacheka peke yake.

"Alijeruhiwa mguu kwa kipande cha bomu, tarehe 30 Februari 1972."

Februari thelathini! Mihuri ipo, sahihi zipo, na hakuna aliyeshtuka.

Kisha kicheko kikamkauka. Mwongo anayebuni tarehe hubuni iliyopo. Aliyeandika hii hakubuni, alikumbuka. Na watu wa kwao walikuwa na tarehe za aina moja tu walizozishika kwa mwezi mwandamo maisha yao yote: siku aliyokufa mtu wao, siku ya kumwashia udi. Kwa mwezi mwandamo, mwezi wa pili wa mwaka ule ulitimia siku thelathini.

Basi akaenda sokoni kwa Bibi Chắt muuza udi, ambaye alizijua siku za wafu wa kata nzima kuliko wenye wafu wao.

"Mwisho wa mwezi wa pili?" Bibi Chắt hakufikiri hata kidogo. "Mmoja tu. Lạng. Kila mwaka, huyo anakuja na mguu wake wa mti, ko, ko, ko. Nikamwuliza, unamwashia nani, kaka? Akasema, mwenzangu Khoát, tulikuwa naye vitani."

Mzee Lạng alikuwa kibarazani, amekwisha kumimina chai ya majani mabichi vikombe viwili.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umechelewa, chai inapoa."

Nhàn alikunywa kwanza. Kisha akaweka nakala mezani. "Mzee, Februari ina siku ngapi?"

Mzee alikodoa macho kwenye karatasi. Halafu akaangua kicheko mpaka akakohoa. "Lo! Mabomu yote yale yalishindwa kunimaliza, leo nimekamatwa na kalenda!"

"Faili umeliiba wewe?"

"Mimi. Liko ndani, kwenye madhabahu ya wafu, chini ya picha ya Khoát."

"Na uliliandika?"

"Kwa mkono huu huu."

"Quýnh alikupa nini?"

"Alinipa mgongo wake."

Mzee hakuwa akicheka tena.

"Hakuwa askari, mwanangu. Alikuwa mchukuzi, amebeba mchele kwa mti begani. Bomu likatuangukia asubuhi. Khoát akafa pale pale, mguu wangu ukabaki unaning'inia. Quýnh akatupa mchele, akanibeba kutwa nzima, akavuka mito miwili. Unajua alipata nini? Alikaripiwa kwa kupoteza mchele! Mimi nina nishani, nina kiti cha mbele kila sherehe. Yeye alipovunjika kiuno, hakuna hata karatasi moja yenye jina lake. Nikasema, nchi imenishukuru mimi, yeye nani atamshukuru? Nikamwazima jeraha langu. Na siku yake."

Nhàn aliitazama chai. "Baba yangu alifia huko huko, mwaka ule. Mimi nilikuwa tumboni. Waliomwona wanasema alivuja damu siku mbili, hakuna wa kumbeba."

"Basi wanielewa."

"Nakuelewa, mzee wangu. Na nakukamata. Kijiji cha juu kuna mtu ana vipande vya bomu kifuani, vya kweli, na faili lake limerudishwa mara tatu kwa sababu ya mafaili kama hili. Kila ombi sasa linaonekana la uongo."

Mzee akainamisha kichwa. "Hilo sikulifikiria. Nisamehe. Nimekosa."

Kwenye ngazi za kibaraza mtu alikohoa. Quýnh alikuwa amesimama amepinda, beji ya majeruhi mkononi. Akaiweka mezani taratibu.

"Na mimi nina kosa, afande. Alinisomea maneno mengine, nikatia dole gumba. Lakini niliposikia wananiita majeruhi, nikanyamaza." Akamgeukia mwenzake. "We Lạng! Ulikuwa mzito siku ile, lakini si kama uongo huu. Miaka kumi na minne nimeubeba. Ungesema asante tu, ingetosha."

"Sikusema?"

"Hata siku moja! Ulizimia mgongoni, ukaamkia hospitali. Tangu hapo kila Tet, mwaka mpya ukiingia, unaniletea bata. Bata, bata, bata. Asante sijaisikia."

Machozi yakamtoka Mzee Lạng waziwazi, mzee mzima. "Asante, Quýnh," alisema. "Asante, ndugu yangu."

"Haya. Imefika."

Nhàn alisukuma karatasi tupu mezani. "Sasa andika ya kweli, mzee. Mchukuzi Hồ Sĩ Quýnh alinibeba. Nitaipeleka mwenyewe mkoani, pamoja na yako ya kukiri. Na safari hii weka tarehe zote mbili, ya mwezi mwandamo na ya kalenda."

Alipomaliza kuandika, walitoka. Njia ya kwenda kwenye gari la polisi ilikuwa tope tupu. Quýnh alitangulia, akageuza mgongo, akainama.

"Panda."

"Toka hapa na kiuno chako kibovu!"

"Basi shika bega, maneno mengi ya nini?"

Wakaenda wameshikana, wakiteleza na kutukanana. Nhàn alifuata nyuma, pingu zimebaki mfukoni, moyoni akimshukuru mchukuzi ambaye hakuwahi kumbeba baba yake.