Milimita Kumi na Mbili

Likizo yote ya Aprili, ikigonga saa tatu asubuhi, Viola alikuwa nyuma ya nyumba yao mtaani Landless, ameinamia kipima mvua. Alimimina maji katika gilasi yenye mistari, akasoma, akaandika. Chombo kilikuwa cha kaka yake Oluoch, aliyeanza kusomea hali ya hewa katika chuo kimoja huko Ruiru. Kwa kuwa Oluoch alilala bwenini, msomaji alikuwa Viola, na fomu ya siku thelathini, ambayo Oluoch angeipeleka kwa mwalimu wake, ilihitaji sahihi ya msomaji.

Ijumaa moja, baada ya kusoma, alimfuata shangazi yao huko Kamakis bila kumwachia mtu kazi. Aliporudi Jumatatu asubuhi alikuta milimita kumi na mbili. Ilikuwa imenyesha, lakini siku gani? Jirani mmoja alisema Jumamosi, mwingine akaapa ni Jumapili. Viola aliona haya. Hata hivyo aliziacha siku hizo mbili wazi, na kwenye Jumatatu akaandika: "Kumi na mbili, za siku tatu. Sikuwapo."

Oluoch alipokuja kuichukua fomu, uso ulimsawijika. Hiyo ndiyo kazi yake ya kwanza chuoni. Akianguka, atarudia somo zima. Usiku ule ule alijaza fomu nyingine, safi, na maji yale akayagawanya: nne, nne, nne.

"Weka sahihi hapa," alimwambia. "Si jumla ni ile ile? Nani atajua?"

"Mimi najua," Viola akajibu. "Siweki."

Alimbembeleza, akamtisha, mwishowe akamkumbusha kwamba aliyeharibu mambo ni yeye. Hilo lilimchoma Viola, kwa maana lilikuwa kweli. Lakini msichana huyo akikataa, amekataa. Alikunja mikono kifuani.

"Kosa ni langu, na nitalisema mwenyewe. Nipeleke kwa mwalimu wako."

Kesho yake walisimama mbele ya Madam Mbula, mwalimu wa Oluoch. Viola alieleza kosa lake lote bila kujitetea. Madam alisoma fomu ya Viola, akakata alama mbili kwa siku zilizokosekana, akaipitisha. Kisha akaonyesha rundo la fomu za wanafunzi wengine alizozikataa, zenye tarakimu za kupendeza mno kuwa za kweli.

"Mvua haigawanywi kama mandazi," alisema. "Mkulima akipanda kwa kufuata tarakimu za kubuni, mbegu zitamwozea shambani. Pengo lililoandikwa tunaliona. Uongo hatuuoni."

Oluoch alisita. Halafu, bila kuulizwa, akaitoa fomu yake safi mfukoni na kuiweka mezani.

"Hii ndiyo niliyotaka kumlazimisha aiwekee sahihi, Madam."

Madam Mbula aliichana vipande viwili.

"Kutojua si aibu, Oluoch. Aibu ni kumshurutisha anayesema kweli aseme uongo kwa ajili yako."